Ulizeni Mafundi: Taa ya injini imewaka, nibadilishe nini?

Barua nyingi za toleo hili zimetoka Tanga, na karibu zote zina maneno mawili yanayofanana: "mashine imesema", yaani mashine ya kusomea makosa ya gari. Mashine imesema sensa ya oksijeni, mashine imesema sensa ya hewa, kifaa kikanunuliwa, na taa ikarudi kabla ya wiki kwisha. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine wenye magari yaliyotoka Japani.

Swali: Mafundi, habari za kazi. Nina Toyota IST, injini ya 1.3. Taa ya injini iliwaka, fundi akapima akakuta namba ya kosa P0171, akaniambia ninunue sensa ya oksijeni. Nimenunua, imefungwa, na siku chache baadaye taa imerudi na namba ni ileile. Gari pia halitulii kwenye sailensi (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta), mshale wa mzunguko unapanda na kushuka. Je, nimeuziwa sensa mbovu?
Msomaji wa Makorora

Jibu: Kaka, huenda sensa mpya ni nzima, na ile uliyoitoa nayo ilikuwa nzima. P0171 haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kompyuta imeongeza petroli mpaka ikafika kikomo chake, na bado sensa inaona hewa imezidi kwenye moshi. Sensa ni shahidi aliyetoa taarifa, na fundi wako akamfunga shahidi. Sensa ya oksijeni ikifa yenyewe, namba huwa nyingine, kwa kawaida zile zinazoanzia P0130 hadi P0141.

Mwambie fundi arudishe mashine, ila safari hii asiishie kwenye ukurasa wa makosa. Afungue ukurasa wa data injini ikiwa imewaka na imepata moto, atafute mistari miwili inayoandikwa STFT na LTFT. Hayo ni marekebisho ya mafuta, ya muda mfupi na ya muda mrefu, kwa asilimia. Namba chanya maana yake kompyuta inaongeza petroli, hasi inapunguza. Ukijumlisha zote mbili, jumla iliyo kati ya -10 na +10 ni ya kawaida. Ikifika +20 na kuendelea, kuna kitu.

Sasa lililo muhimu: asome kwanza gari likiwa sailensi, kisha akanyage mafuta na kushikilia mzunguko wa injini wa 2,500 kwa dakika, asome tena. Ikiwa sailensi inaonyesha +22 na kwenye 2,500 inashuka hadi +5, hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, baada ya sensa ya hewa. Tundu lilelile linaingiza kiasi kilekile cha hewa, lakini injini ikivuta hewa nyingi, kiasi hicho kinakuwa kidogo kulinganisha na yote. Ikiwa ni kinyume, yaani sailensi ni nzuri na namba inapanda kadiri unavyokanyaga, achana na matundu. Tafuta petroli isiyotosha au sensa ya hewa iliyochafuka.

Kwa dalili zako za sailensi, tunaelekea kwenye tundu. Anza na bomba la mpira lenye mikunjo linalotoka kwenye boksi la filta kwenda throtoli, mlango wa hewa wa injini. Kwenye magari yetu mpira huo hukakamaa na kupasuka chini ya mikunjo, mahali ambapo jicho halifiki mpaka uukunje kwa mkono. Angalia kifuniko cha oili na ringi ya dipstiki. Vikivuja, hewa huingia kwenye injini kupitia mpira wa kuvuta moshi wa oili. Kisha bana mipira ya upepo mmojammoja kwa koleo lililofungwa kitambaa, ule mnene wa sevo ya breki na ule wa moshi wa oili, huku mwenzako anatazama STFT. Mpira utakaoubana na namba ikashuka ghafla ndio wenye kesi. Gasketi ya manifoldi ya hewa, bomba linalogawa hewa kwenye silinda, inapimwa kwa kupuliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kwenye maungio. Dawa hiyo inashika moto haraka: ipulizwe mbali na ekzosi, na kizima moto kiwe karibu.

Ukikosa tundu kabisa, kuna mambo mawili yanayoidanganya sensa hata ikiwa nzima. La kwanza ni gasketi ya ekzosi inayovuja kabla ya sensa. Ekzosi hutoa moshi kwa mapigo, na katikati ya mapigo hunyonya hewa ya nje. La pili ni silinda inayomisi, yaani isiyowaka kila zamu yake. Petroli isiyoungua hutoka pamoja na hewa yake yote, sensa inaona hewa tu, na kompyuta inaongeza mafuta kwenye injini ambayo tayari imejaa mafuta. Ndiyo maana gari linaweza kutoa P0171 na huku linanuka petroli nyuma.

Na kama unataka kuijua ile sensa yako ya zamani kabla ya kuitupa, ifunge tena, injini ipate moto, usome volti zake. Nzima hupanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9 bila kutulia. Puliza dawa kidogo kwenye njia ya hewa, volti zikimbilie 0.8 au zaidi. Chomoa mpira mmoja wa upepo, zishuke hadi 0.2 au chini. Ikijibu haraka pande zote mbili, irudishe kazini.

Swali: Je, ni kweli kwamba ukichomoa betri kwa dakika kumi taa ya injini inapona?
Msomaji wa Duga

Jibu: Inazimika, haiponi. Kompyuta inasahau kosa, na inasahau pia marekebisho ya mafuta iliyojifunza na ile picha ya hali ya injini iliyohifadhiwa wakati kosa linatokea: mzunguko, joto, mwendo, mzigo. Picha hiyo ndiyo inayomwambia fundi kama kosa lilitokea asubuhi gari likiwa baridi au lilitokea mlimani. Makosa mengi ya moshi huhitaji kuonekana safari mbili mfululizo kabla ya taa kuwaka, kwa hiyo unapata siku kadhaa za amani ya bure. Wapo wanaoitumia amani hiyo kuuza gari. Ukinunua, uliza mashine isome pia ukurasa wa vipimo vilivyokamilika. Vingi vikiwa havijakamilika, kumbukumbu imefutwa hivi karibuni.

Swali: Gari langu ni Toyota la Japani la mwaka 2000. Nimenunua kale kadude ka bluetuthi ka kusomea makosa, ELM327, nikaunganisha na simu. Soketi ni ileile ya matundu 16 lakini hakisomi chochote. Fundi mmoja anasema kompyuta ya gari imekufa. Gari linatembea vizuri kabisa.
Kijana wa Mabawa

Jibu: Kompyuta iliyokufa haiwezi kuliwasha gari, kwa hiyo hilo liondoe. Tatu ndizo sababu.

Kwanza, umeme wa soketi. Weka mita kwenye tundu namba 16 na namba 4. Usipopata volti za betri, tafuta fyuzi. Kwenye magari mengi soketi hiyo inashiriki fyuzi na redio au kiwashio cha sigara, na inaungua mtu akichomeka chaja mbovu ya simu.

Pili, kifaa chenyewe. Zipo ELM327 za bei rahisi sana ambazo hazijui lugha zote za magari ingawa boksi linasema zinajua.

Tatu, na hii ndiyo tunayoitilia mkazo: sheria ya lugha moja kwa magari yote ilianza Marekani kwa magari ya 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli mwaka 2001. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halikubanwa na sheria hizo. Lilipewa soketi ya umbo lile, lakini ndani linaongea lugha ya kiwanda. Linahitaji mashine inayojua Toyota ya Japani.

Habari njema ni kwamba Toyota nyingi za umri huo hukueleza makosa bila mashine. Swichi ya ufunguo ikiwa imefungwa (imezimwa), unganisha tundu namba 13 na namba 4 kwa waya mfupi. Fungua swichi (iweke ON) bila kuwasha injini, utazame taa ya injini. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kosa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa moja, hiyo ni 21: sensa ya oksijeni. 22 ni joto la maji, 24 joto la hewa, 31 sensa ya hewa au ya msukumo wa manifoldi, 41 sensa ya throtoli, 42 mwendo wa gari, 52 sensa ya kugonga. Kwenye yale ya zamani zaidi, soketi iko chini ya boneti, na matundu ni TE1 na E1. Hesabu matundu mara mbili kabla ya kuingiza waya. Namba 16 ina umeme wa betri muda wote, na ukiigusisha na namba 4 utaunguza fyuzi, ukiwa na bahati.

Swali: Mafundi, shikamooni. Nina Spacio ya kuzungukia mjini na kwenda Muheza mara moja moja. Zamani ilikwenda vizuri kwa lita, sasa inakula mafuta kupita kiasi na asubuhi inanguruma kwa muda mrefu kabla ya kutulia. Mashine haina kosa lolote. Nimebadilisha plagi na filta ya hewa. Mwaka jana ilichemsha, fundi akatoa themostati (ule mlango wa maji ya kupoozea injini), tangu hapo haijachemsha.
Mama wa Kange

Jibu: Marahaba, mama. Umeshajijibu kwenye sentensi ya mwisho.

Tangu zamani tumezoea kusema Tanga ni joto, themostati ni ya wazungu. Injini haijui habari za Tanga. Imepangwa ifanye kazi maji yakiwa na nyuzi 80 na ushee, na themostati ya Toyota nyingi hufunguka kati ya nyuzi 80 na 84 za Selsiasi. Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapopiga stata. Mjini kwenye foleni joto linaweza kupanda, lakini ukishika barabara ya Muheza na upepo unapuliza rejeta, maji yanashuka hadi nyuzi 60 na kitu. Kompyuta inasoma joto hilo na kuamini injini bado inapata moto, basi inaendelea kuongeza petroli na kushikilia sailensi ya juu. Gia boksi ya otomatiki nayo inasubiri moto kabla ya kuruhusu gia ya juu kabisa, hivyo mzunguko unakuwa mkubwa kwa mwendo uleule. Hakuna taa inayowaka, kwa sababu kwenye magari mengi ya umri huo hakuna sensa iliyovunjika: kila moja inasema kweli.

Madhara hayaishii kwenye mafuta. Petroli iliyozidi inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka chini. Vuta dipstiki unuse. Ikinuka petroli, au oili imepanda juu ya alama bila mtu kuongeza, badilisha oili na filta siku hiyohiyo utakayorudisha themostati.

Jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalitarajii: kwenye injini nyingi themostati ina sahani ya pili nyuma, inayoziba njia ya mkato ya maji pale ile ya mbele inapofunguka. Ukiitoa yote, njia ya mkato inabaki wazi daima na sehemu ya maji hairudi kwenye rejeta kabisa. Siku ya mlima au mzigo, gari lisilo na themostati linaweza kuchemsha kuliko lenye nayo.

Kabla ya kununua mpya, tafuta kwa nini lilichemsha mwaka jana, la sivyo litachemsha tena na themostati italaumiwa. Feni iwake yenyewe injini ikipata moto na pia mara tu unapowasha AC. Kifuniko cha rejeta kiwe na springi hai na mpira usiopasuka; msukumo wake umeandikwa juu, mara nyingi 0.9 au 1.1, na kipya kiwe cha namba ileile. Rejeta iguswe kwa mkono kwa uangalifu baada ya kuzima: sehemu ya baridi katikati ya sehemu za moto imeziba. Na uliza ni maji gani yaliwekwa. Maji ya kisima cha huku pwani yana chumvi, nayo yanakula rejeta na pampu kwa ndani. Weka kulanti iliyochanganywa tayari, au kulanti na maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu.

Themostati mpya ipimwe kabla ya kufungwa, kazi ya jikoni tu. Ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, pasha. Ianze kufunguka kwenye joto lililochapwa juu yake, na maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Ikifungwa, kile kitundu chenye kijiti kinachocheza kikae juu, ili hewa ipite.

Tukiongezea kwa wenye dalili hizihizi ila themostati ipo: asubuhi gari likiwa limelala, fungua swichi bila kuwasha, usome joto la maji na joto la hewa kwenye mashine. Yote mawili yafanane na joto la siku hiyo, tuseme 25 na 26. Maji yakisema 5 wakati Tanga nzima inatoka jasho, sensa ya maji inadanganya na kompyuta inamwaga petroli. Yakisema -40, waya umekatika au soketi imetoka. Usitegemee mshale wa dashibodi, maana kwenye Toyota nyingi za zamani mshale una sensa yake ya waya mmoja na kompyuta ina yake ya waya mbili. Ile ya waya mbili hupimwa kwa omu: takriban kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80.

Swali: Gari langu, injini ya 1NZ, linatembea vizuri Tanga hadi Mombo. Nikianza kupanda Lushoto linaisha nguvu, nikikanyaga linazidi kuzubaa. Nikiteremka linarudi zima. Jamaa wananiambia ni hewa nyepesi ya milimani.
Dereva wa Korogwe

Jibu: Hewa nyepesi ipo, lakini haiwezi kufanya hayo. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Kwenye gari lenye sensa ya msukumo wa manifoldi, fungua swichi bila kuwasha ukiwa Tanga utasoma kPa 100 hivi, na Lushoto kama 85. Unapoteza kama asilimia 15 ya nguvu, nayo inapungua kidogo kidogo kilomita zote zile za kona. Kompyuta inapunguza petroli ilingane na hewa, jambo ambalo kabureta haikuweza. Kuzubaa ghafla ukikanyaga ni ugonjwa, na uko upande mmoja kati ya miwili: petroli haiji ya kutosha, au moshi hautoki.

Safari moja ya mlimani inatenganisha hizo mbili. Mwenzako ashike mashine atazame volti za sensa ya oksijeni ya mbele wakati wewe umekanyaga hadi chini na gari limezubaa. Zikikaa 0.8 au zaidi, petroli ipo tele, na tatizo ni ekzosi iliyoziba; soma jibu linalofuata. Zikishuka chini ya 0.2 na kubaki huko, petroli imekwisha njiani.

Ikiwa ni petroli, simama mahali salama ufungue kifuniko cha tenki. Ukisikia tenki linavuta hewa kwa nguvu na gari likapata uhai kwa muda, njia ya kupumulia ya tenki imeziba, na hilo ni rahisi kuliko yote. La sivyo, funga geji ya msukumo kwenye reli ya nozeli zinazomwaga petroli. 1NZ inatakiwa isome kPa 304 hadi 343. Sailensi haitoshi kuthibitisha. Geji ikae nje, imefungwa kwa gundi ya karatasi juu ya kioo cha mbele ili uione ukiwa barabarani, kamwe isiingizwe ndani ya gari. Ikishuka wakati wa mzigo, kabla ya kununua pampu pima volti kwenye soketi ya pampu injini ikifanya kazi. Zikipungua zaidi ya nusu volti kuliko za betri, tatizo liko kwenye relei, waya au ardhi yake. Volti zikiwa nzuri, toa pampu na utazame kichujio cha chini, kile kama soksi. Petroli ya madumu ndiyo inayokijaza uchafu. Chota petroli ya chini ya tenki kwenye chupa ya kioo, iache dakika 15. Maji yatajitenga na kukaa chini.

Swali: Fundi anataka kukata katalitiki, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, na kutoa masega ya ndani ili gari lipumue. Nimruhusu?
Msomaji wa Chumbageni

Jibu: Ameipima? Asipokuwa ameipima, usimruhusu. Ndani kuna madini ya thamani, platinamu, paladiamu na rodiamu, na wapo wanaokuhurumia injini yako kwa sababu hiyo tu.

Kupima ni kazi ya muda mfupi. Geji ya vakyumu kwenye mpira wa manifoldi: huku pwani injini nzima iliyopata moto husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki kwenye sailensi. Shikilia mzunguko wa 2,500. Mshale utashuka kidogo mwanzoni kisha urudi. Ukiendelea kushuka polepole huku mguu hautikisiki, ekzosi imeziba. Uthibitisho ni kutoa sensa ya oksijeni ya mbele na kufunga geji ya msukumo kwenye tundu lake. Zaidi ya psi 3 kwenye 2,500 ni mzibo.

Kama limepata P0420, namba ya kosa la katalitiki, bila kukosa nguvu, hiyo ni habari nyingine. Namba hiyo inatolewa kwa kulinganisha sensa mbili: ya mbele inacheza, ya nyuma inatakiwa itulie, kwa kawaida karibu 0.6 au 0.7. Ya nyuma ikianza kuiga ya mbele, masega yamechoka. Lakini gasketi inayovuja karibu na sensa ya nyuma hufanya dalili ileile, kwa hiyo sikiliza ekzosi kwanza asubuhi ikiwa baridi.

Na katalitiki haifi yenyewe ikiwa kijana. Zamani muuaji alikuwa madini ya risasi ya kwenye petroli, lakini hiyo iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Siku hizi inauawa na silinda inayomisi au injini inayokula oili. Ukifunga mpya bila kuponya hayo, umenunua ya pili. Ukiyatoa masega, monoksidi ya kaboni inatoka kama ilivyo, na bomba lililochomelewa ovyo chini ya viti linaingiza hewa hiyo ndani ambako watoto wamekaa.

Swali: Nilioshesha injini kwa mashine ya maji ya nguvu, tangu hapo gari linamisi na taa ya injini inapepesa. Naishi Raskazone.
Dada mwenye Vitz

Jibu: Dada, taa inayopepesa si sawa na inayowaka tu. Maana yake silinda inamisi kiasi cha kuichoma katalitiki, kwa sababu petroli mbichi inakwenda kuunguzwa humo. Punguza mwendo, usikanyage, lifikishe gereji iliyo karibu.

Maji yamejaa kwenye visima vya plagi. Usitoe plagi kabla ya kuyapuliza kwa upepo, yataingia kwenye silinda. Kausha, funga, na kama linamisi bado, soma namba: P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili na kuendelea. Hamisha koili ya silinda hiyo kwenda nyingine. Kosa likihama pamoja na koili, nunua koili. Likibaki palepale, hamisha plagi. Likibaki tena, pima nozeli. Nyingi ni omu 12 hadi 16, na muhimu zaidi zote nne zilingane. Plagi ambazo namba yake inaishia na 11 zina nafasi ya cheche ya milimita 1.1.

Ukiwa jirani na bahari, angalia pia soketi zilizoota ukungu wa kijani. Tumia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, usitumie msasa, utaondoa utando unaozuia kutu.

Swali: Makosa manne kwa mpigo: sensa ya throtoli, ya msukumo, na mengine mawili ya sensa. Ninunue zote?
Fundi kijana, Pangani

Jibu: Usinunue hata moja. Sensa kadhaa hushiriki waya mmoja wa volti 5 kutoka kwenye kompyuta. Weka mita kwenye waya huo, swichi ikiwa wazi. Ukisoma 0 au 1, chomoa sensa mojamoja. Ile utakayoichomoa na 5 zikarudi ndiyo iliyopiga shoti na kuziangusha wenzake. Zisiporudi hata zote zikiwa nje, waya umechubuka mahali, tafuta pale unapopita karibu na ekzosi au kwenye kona ya chuma. Volti 5 zikiwa sawa, pima ardhi: mita kati ya ncha hasi ya betri na ardhi ya sensa, injini inafanya kazi, taa na feni zimewashwa. Ipite 0.1, safisha bolti za ardhi kwenye injini na bodi.

Swali: Noah yangu ya D4 haina sailensi, inazima kwenye makutano. Nisafishe nozeli?
Dereva wa Mikanjuni

Jibu: Anza na throtoli. Injini za D4 humwaga petroli ndani ya silinda moja kwa moja, hivyo hakuna petroli inayoosha njia ya hewa, na moshi wa oili unajenga masizi kwenye throtoli na manifoldi mpaka hewa ya sailensi haipiti. Swichi ifungwe na betri ichomolewe kabla ya kuingiza kidole, kwa sababu throtoli ya umeme inaweza kujifunga na kukukata. Futa kwa kitambaa chenye dawa, usimwagie. Baada ya kuunganisha betri, liache sailensi dakika 10 bila AC, kisha 10 na AC, lijifunze upya. Mwanzoni litanguruma juu, usiogope. Mabomba ya pampu ya juu usiyafungue wewe, msukumo wake ni wa kutoboa ngozi.

Swali: Hiace ya dizeli, 1KD, asubuhi stata inazunguka muda mrefu ndipo iwake, na inagonga. Nimeambiwa ni pampu.
Mmiliki wa daladala, Pongwe

Jibu: Soma kwanza msukumo wa reli wakati stata inazunguka, ulinganishe na ule ambao kompyuta inauomba, mashine inaonyesha yote mawili. Ukibaki chini sana, kompyuta haifungui nozeli. Badilisha filta ya dizeli, hakikisha hakuna hewa inayoingia kwenye mpira wa kutoka tenkini, ndipo upime marejesho, yaani dizeli inayorudi: mipira minne ya nozeli kwenye chupa nne zinazolingana, injini sailensi dakika chache. Chupa inayojaa mbali kuliko wenzake inaonyesha nozeli inayopoteza msukumo, na pampu haina hatia. Mashine ikionyesha pia fidia ya dizeli ya kila silinda, iwe kati ya -3 na 3. Nozeli mpya ikifungwa, namba ndefu iliyochapwa juu yake iingizwe kwenye kompyuta kwa silinda hiyohiyo, kwa hiyo piga picha kabla ya kuifunga, maana ikishakaa mahali pake huisomi tena.